Vistari Viwili

Yote yalianza na bwana mmoja wa Batsinda aliyetaka kuwatambia wakwe.

Jina lake Habiyaremye. Alinunua kituo chetu kidogo cha hali ya hewa, akakifunga juu ya paa, na sebuleni akatundika tableti kando ya picha ya harusi, ili kila anayeingia aone joto, upepo na mvua ya kwake yeye, si ya Kigali nzima. Siku wakwe walipokuja, wamekaa, wameshika Fanta zao, akasimama kuwaonyesha maajabu. Bahati mbaya umeme ulikuwa umekatika. Kituo kilikuwa kimenyamaza, na tableti ikaonyesha kile nilichoifundisha kuonyesha kituo kinaponyamaza: vistari viwili penye joto, vistari viwili penye upepo, vistari viwili penye mvua. Baba mkwe akauliza kwa upole kama mashine imekufa. Habiyaremye akatupa nyota moja na maoni mafupi: "Mmeniaibisha mbele ya wageni. Ondoeni hivyo vistari."

Mwenzetu Sangwa alitusomea maoni hayo Jumatatu asubuhi, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ningejua, ningelia.

Naitwa Umuhoza. Dashibodi ya Anga Letu, ile unayoifungua kwenye simu ukaona hali ya hewa ya paa lako, niliiandika mimi tangu mwanzo hadi mwisho, na vistari viwili vilikuwa vyangu. Maana yake ni neno moja: sijui. Kituo hakisemi, basi nami sisemi kwa niaba yake. Katika kazi yetu sijaona tabia njema kuliko hiyo, na kumbe ndiyo watu wasiyoivumilia. Baada ya Habiyaremye wakafuata wengine. Mama mmoja alisema vistari vinawafanya majirani wadhani ameishiwa umeme wa kulipia kabla. Mwingine alisema vinamkumbusha hospitali. Hakuna hata mmoja aliyesema vistari vimemdanganya.

Conrad hakucheka. Conrad ndiye mwenye kampuni. Alikulia Mbarara, mimi Karagwe, na kwa kuwa Kinyarwanda chetu sote wawili kilikuwa kinachekwa na wenyeji, ofisini tuligombana kwa Kiswahili.

"Hawa watu wanasema hawataki vistari," alisema. "Sisi ni nani wa kubishana? Kituo ikinyamaza, apu ionyeshe ile namba ya mwisho. Imeisha."

"Huo ni uongo."

"Uongo gani? Si ilikuwa kweli saa ile kituo ilisema?"

"Na kikinyamaza kutwa?"

"Banange, Umuhoza! Joto ya Kigali inabadilika wapi? Jana ishirini na sita, leo ishirini na sita. Wewe unapigania nini?"

Nilikuwa napigania mvua. Anayeishi mji huu anajua mvua kubwa haiji bila kutuma mjumbe. Kwanza unakuja upepo. Upepo unaangusha waya mahali, umeme unakatika, ruta inazimika, na kituo kikikosa ruta hakina wa kumwambia kitu. Halafu ndiyo mvua. Maana yake vituo vyetu vilikuwa vinanyamaza saa ileile vilipotakiwa kusema. Niliomba tununue betri za kushikilia ruta, Conrad akasema mwakani. Nilichobaki nacho ni vistari. Aliyeviona alijua kuna jambo.

"Basi tuache namba ya mwisho," nilisema, "lakini iwe ya kijivu, na chini yake tuandike ilipimwa saa ngapi."

Sangwa ndiye mchoraji wetu, binti mwenye mkono mzuri, ila hukubaliana na aliyesema mwisho. Akaanza kuniitikia kwa kichwa. Conrad akasema kijivu ni rangi ya maiti, Sangwa akakubali na hilo pia. Nyota zetu zilikuwa zimeshuka na wafadhili walikuwa njiani. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo kampuni ile ilivyoendeshwa.

Nilibisha hadi Conrad akachoka. Akasema sawa, tutaamua ukirudi kutoka Rwamagana, kwa sababu nilikuwa na safari ya kufunga vituo kwa wakulima wa ndizi. Nikamwamini.

Nilikuwa na sababu ya kubisha vile, na sababu hiyo ilikuwa inakaa chini ya dirisha letu. Ofisi iko Niboye, ghorofani, na chini yake barazani Mama Nyiraneza anauza vitenge. Kiswahili alikipata kwa wachuuzi wa Goma, na alipenda kukizungumza nami kwa sababu, kwa maneno yake, Kinyarwanda changu kina vumbi la Karagwe. Ni mjane. Alikuwa amepanga chumba Masaka, mashariki mwa mji, kando ya kiwanja chake mwenyewe, na katika kiwanja hicho alikuwa anafyatua matofali ya udongo, yale yanayokaushwa kwa jua tu. Alifyatua Jumapili baada ya misa na siku zile biashara ilipolala. Chumba alichopanga kilikuwa kimeuzwa, akatakiwa atoke masika yakianza. Akikosa kuta za kwake, mahali pa kwenda palibaki kwa shemeji yake tu, na huyo ndiye aliyemtolea vyombo nje kabla matanga ya mumewe hayajaanuliwa.

Tofali bichi lina adui mmoja. Na mji wetu ni wa vilima: Niboye jua linawaka, Masaka watu wanaanua nguo. Mama huyu alikuwa akipima kitenge huku shingo imegeukia mashariki.

Kila mfanyakazi alikuwa amepewa kituo kimoja cha majaribio ampe amtakaye. Changu nilimpa yeye. Nilikwenda Masaka siku yangu ya mapumziko, nikakifunga juu ya mlingoti kwa mkono wangu, nikamwekea ruta chumbani na programu kwenye simu.

"Mama, namba zikikuchosha ziache," nilimwambia. "Wewe tazama vistari tu. Ukiwa sokoni ukaona vistari viwili, usiulize mtu. Panda pikipiki ukafunike."

Alinishika mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Yampaye inka Umuhoza!"

Ni kiapo cha kwetu, kwamba Umuhoza alinipa ng'ombe. Aliyekupa ng'ombe, unaapa kwa jina lake. Ukishtuka, ukifurahi, ukitaka watu wakuamini, unamtaja yeye. Siku hizi ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa ada ya shule, au kazi, au mashine juu ya mlingoti. Jambo moja halijabadilika: aliyekupa ng'ombe humsemi vibaya, na ng'ombe wake pia humsemi vibaya, hata awe anakupiga mateke kila ukimkamua.

Vistari vilifanya kazi. Nilimwona kwa dirisha siku moja akitazama simu, akamwacha mteja na kitenge mkononi, akadandia pikipiki bila hata kufunga sanduku la pesa. Alifika Masaka, akatandaza maturubai, na mvua ikapiga juu ya maturubai. Ikatokea tena wiki iliyofuata. Aliniletea maparachichi mpaka mfuko ukachanika kwenye ngazi, na Conrad akateleza juu ya mojawapo, jambo ambalo leo nalikumbuka kwa furaha kuliko nilivyofurahi siku ile.

Basi nikaenda Rwamagana. Nilipokuwa narudi, basi lilifika Kabuga mvua ya mawe ikaanza. Masaka ni jirani na hapo. Kwa mazoea nikafungua dashibodi, nikatafuta kituo cha Mama Nyiraneza, nikitarajia vistari. Nikakuta jua. Jua la njano, zuri, lililochorwa kwa mkono wa Sangwa. Joto ishirini na sita, mvua sifuri. Mawe yanagonga kioo cha basi, na mimi nimeshika jua. Nikajua Conrad hakunisubiri.

Nikampigia mama.

"Niko Niboye, mwana wanjye, napima kitenge. Huku jua kabisa."

"Nenda Masaka. Mvua inanyesha."

"Oya, hapana. Naangalia saa hii. Vistari hakuna. Jua iko."

"Mama, achana na simu! Nenda!"

Akakata bila kuaga, na kwake yeye kukata simu bila kuaga ni sawa na kupiga ukunga.

Nilishuka njia panda ya Masaka. Waendesha pikipiki walikuwa wamejibanza kwenye vibaraza, hakuna aliyekubali kunibeba katika mvua ile, nikaenda kwa miguu nikikimbia palipokimbilika. Nilipofika, mawe yalikuwa yamekwisha na mvua imeanza kuchoka. Matofali yalikuwa yamelala safu kwa safu kama alivyoyapanga, ila hayakuwa na pembe tena. Ukigusa, kidole kinazama. Yale ya upande wa mteremko yalikuwa yamesharudi kuwa udongo, yanaondoka na maji kwenda kwa jirani. Nikavuta turubai juu yake hata hivyo, kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini. Mama alipowasili, ameloa hadi kilemba, alitazama mara moja tu. Akashika pembe ya pili ya turubai, akavuta. Tukafunika matope.

Tulisimama chini ya paa la chumba chake. Ndani kulikuwa giza, umeme haupo. Akatoa simu, akaifuta kwa pindo la kitenge, akanionyesha.

"Ile jua iko wapi, Umuhoza?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kuelewa, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Nikamweleza: umeme umekatika, kituo kimenyamaza, na vistari vimeondolewa mimi nikiwa safarini.

"Nani alivitoa?"

"Watu walilalamika."

"Watu gani?"

"Wenye wageni," nilisema.

Kesho yake niliingia ofisini kwa Conrad bila kubisha hodi. Nilisema mengi, na mengine sikuyachagua vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Conrad si mtu mbaya, haki yake nimpe. Ni mtu anayetaka kupendwa na kila mtu, na huo nauona ni ugonjwa mbaya zaidi.

"Pole kwa mama," alisema. "Kweli kabisa, pole. Lakini nionyeshe maoni yake. Habiyaremye alisema, tukasikia. Huyu mama amesema nini? Hakuna. Mimi nafuata maoni ya mtumiaji, sifuati hasira ya mfanyakazi."

"Yeye hajui kuandika maoni kwenye apu."

"Sasa Jumamosi tuna mkutano, watumiaji wako hapa, wafadhili wako hapa. Asimame, aseme na mdomo yake. Akisema, narudisha vistari siku hiyohiyo. Nakuapia."

Nikaona mlango umefunguka. Mtu mmoja tu aseme ukweli, basi.

Siku mbili baraza lake lilikuwa limefungwa; ya tatu nikashuka kwa mama. Alikuwa amerudi barazani kama hakuna kilichotokea, vitenge vimepangwa kwa rangi. Mnunuzi wa chumba alikuwa amemwongezea muda kidogo kwa huruma, na matofali mapya yalikuwa yameanza kupangwa. Hayo ndiyo yaliyonipa haraka. Masika yalikuwa mlangoni na mama huyu hakuwa na nguvu za kuanza mara ya tatu.

"Jumamosi usimame useme yaliyokupata," nilimwambia. "Usiongeze, usipunguze. Vistari vitarudi, na haya mapya yatapona."

Akawa anakunja kitenge, anakunjua, anakunja tena.

"Hii apu, ni nani anaitengeneza?"

"Ni mimi."

"Wewe peke yako?"

"Kuandika ni mimi, Mama. Hii mikono."

"Na wakubwa wote watakuwa pale?"

"Wote."

"Yego," alisema. "Nitasimama."

Nikapanda ngazi nikiimba. Sangwa akaniuliza nimeposwa na nani.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya umuganda, na watu walikuja mchana wakiwa wamemaliza kazi ya mtaa, wengine na matope kwenye viatu. Wafadhili walikaa mbele na chupa zao za maji. Sangwa alizunguka na maikrofoni. Wa kwanza kusimama alikuwa Habiyaremye, amevaa tai. Alishukuru uongozi, akashukuru kampuni, akashukuru hata waliotengeneza viti. Kisha akasema siku hizi wageni wake wanaona namba saa zote, hata umeme ukikatika. Watu wakapiga makofi. Nikatazama ukumbi mzima kama kuna atakayejiuliza inawezekanaje. Sikumwona.

Halafu Mama Nyiraneza akasimama. Alikuwa amevaa kitenge ambacho sikuwahi kumwona nacho, kile anachokiweka juu kabisa kwa ajili ya maharusi.

"Mimi ni Nyiraneza, nauza vitenge hapa chini," alisema. Maikrofoni aliishika mbali na mdomo, lakini alisikika. "Nashukuru sana. Hii apu iko muzuri. Huyu mtoto Umuhoza aliniletea mashine nyumbani, akapanda juu yeye mwenyewe, hakuniomba kitu. Iko mufanyakazi wa kweli. Wakubwa, mumuangalie huyu, musimuache. Mimi nta kibazo, hakuna shida niko nayo." Akainua mkono wake wa kulia. "Yampaye inka Umuhoza!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Conrad alinitazama akatabasamu, na nadhani alifurahi kwa ajili yangu kweli. Sikuweza kuvumilia. Nikasimama.

"Mama, waambie matofali!"

Mama akamrudishia Sangwa maikrofoni. Nikasema mwenyewe. Nikawaambia vistari vilivyokuwa vinafanya, nani aliviondoa na kwa nini, mvua ya mawe, jua la njano mkononi mwangu, matofali yaliyoondoka na maji. Sauti yangu ilikuwa juu mno, na kwetu mwenye sauti ya juu ameshashindwa. Mfadhili mmoja, mwanamke mtu mzima, akageuka kwenye kiti akamuuliza mama kwa upole kama ndivyo ilivyokuwa.

Mama Nyiraneza alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayesogeza mkono motoni.

"Matofari yalinyeshewa, yego," alisema. "Mvua ni ya Mungu. Apu iko muzuri."

Akakaa. Conrad akachukua maikrofoni, akasema mnaona jinsi wafanyakazi wetu wanavyowajali wateja, watu wakashusha pumzi wakacheka, mkutano ukaendelea.

Nilimkuta nje, kwenye ngazi, ameanza kufungua mzigo wake wa vitenge.

"Uliniahidi!"

"Niliahidi kusimama. Nimesimama."

"Umedanganya mbele ya watu wote!"

"Ulitaka niseme nini?" Sasa ndiyo alikasirika, mara yangu ya kwanza kumwona. "Niseme mbele ya wakubwa kwamba kazi ya mikono yako iliua matofari yangu? Si wangekufukuza hapohapo? Mtu anakupa ng'ombe, wewe unamupeleka kwa waamuzi?"

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Na machozi ya mtu mzima inashukia ndani ya tumbo." Akalowesha pindo la kitenge kwa ulimi, akanifuta shavu kama mtoto wa chekechea. "Mimi matofari nitafyatua ingine. Kazi, wewe utafyatua wapi?"

Nilimchukia dakika ile, nasema kweli, na katika uchungu huohuo nilijua hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kunipenda kwa gharama kubwa namna hiyo.

Jumatatu Conrad alinifukuza. "Umenivua nguo mbele ya wageni," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu, maana hapendi kumfukuza mtu. Vistari havikurudi. Mtumiaji alikuwa ameulizwa, mtumiaji alikuwa amejibu. Sangwa alinisindikiza hadi mlangoni akaniambia mimi ndiye niliyekuwa na haki. Sijui aliporudi ndani alimwambia Conrad nini.

Mama nilimwambia nimeacha kazi mwenyewe, nimechoka kukaa mbele ya kompyuta. Ningemwambiaje kwamba alichokilinda kilikufa siku mbili tu baadaye? Kwa hiyo nami nikafunika kombe langu, na nikaona ni jepesi kuliko nilivyodhani.

Siku hizi sina kazi, nina Jumapili nyingi, na nyingine nazimalizia Masaka kumsaidia kufyatua. Ruta yake iliungua siku ya mvua ya mawe, umeme uliporudi kwa kishindo. Kituo kimekufa tangu wakati huo. Ukifungua simu yake unaona jua, ishirini na sita, mvua sifuri, na hali hiyo haitabadilika hata tukizikwa sote. Mama anajua. Kila anapokwenda sokoni anafunika matofali kwanza, mvua iwepo isiwepo, na kwa kuwa yanafunikwa kutwa hayakauki, na kwa kuwa hayakauki kuta hazipandi. Muda wa nyongeza wa mnunuzi unakaribia kwisha. Nimemwambia afute hiyo programu. Akaniuliza kama nimewahi kuona mtu anachinja ng'ombe wa kupewa aliyempa akiwa anatazama.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye udongo, mikono imezama hadi viwiko, akaja jirani yake, Mukunde. Huyu anakausha mtama uliochipuzwa, wa kutengenezea pombe, na siku hiyo alikuwa ameutandaza wote kwenye mikeka nje ya nyumba yake, kiwanja cha pili kutoka kwetu. Redio yake ilikuwa inaimba kwaya kwa sauti hadi huku. Alikuwa ameshika simu.

"Mama Nyiraneza, hii mashine ya Anga Letu ni ya kweli? Walikuja kunifungia jana. Nataka niende Niboye mara moja, na mtama yangu iko nje."

Mama akajinyoosha mgongo. Akanitazama, na uso wake ukajaa fahari.

"Iko ya kweli. Na aliyeiandika ni huyu hapa unaona." Akainua mkono wenye udongo. "Yampaye inka Umuhoza!"

"Usiiamini," nilimwambia Mukunde. "Sikutanii. Ikikuonyesha jua, usiiamini. Anua mtama wako kwanza ndipo uende."

Mukunde akacheka, akanipiga bega.

"Huyu amelelewa," alimwambia mama. "Aliyetoa ng'ombe hajisifu."

"Sijisifu! Nakwambia inadanganya!"

Wakacheka wote wawili. Upande wa Kabuga wingu lilikuwa limeanza kukaa vibaya, na migomba ya jirani iligeuza majani. Nyumbani kwa Mukunde kwaya ikakatika katikati ya pambio, umeme umekwenda. Hakuisikia ilivyokatika. Alikuwa anatazama simu, akaona jua, akatutakia kazi njema, akapanda pikipiki.

Hajapinda hata kona, Mama Nyiraneza alikuwa ameshaacha udongo. Alikuwa amevuta turubai la akiba lililokuwa kando ya matofali, analiburuta kuelekea kwenye mtama wa Mukunde, mgongo umeinama, haraka, bila kugeuka kunitazama.

"Shika upande huo," aliniambia. "Upesi, inakuja."